Makovu ya Mnazi wa Nguma

Kwa miaka thelathini na minne Kafedha aliishi Bofu, kwenye shamba la mtu, na kwa miaka hiyo yote alikuwa amefika juzi.

Hakuwa mwongo, alikuwa amefunzwa. Mwenye shamba hakuna aliyepata kumwona. Wengine walisema yuko Ulaya, wengine kwamba alikufa zamani, ila ukaidi wake ndio haujazikwa. Aliyeonekana ni wakala wake, Clifford, aliyepita kila baada ya miezi mitatu na swali moja: umekaa hapa tangu lini? Aliyejibu "siku nyingi" alibomolewa nyumba kabla hajaota mizizi ya kudai ardhi. Basi mtaa mzima ukakariri jibu kama Baba Yetu: "Tumekuja juzi tu, bwana. Tunapita." Watu wakaoana, wakazaa, wakabatiza, wakazikana, huku wanapita.

Kafedha alikuwa mjane, msuka makuti. Alipojifungua Nguma, kifungua mimba wake, alizika kitovu nyuma ya nyumba akapanda mnazi juu yake. Clifford alipouliza nani kaupanda, Kafedha akasema ni kunguru. Clifford akaandika: kunguru.

Mwaka huu serikali ikatangaza kwamba waliokaa zaidi ya miaka kumi na miwili wataandikwa, wapimiwe viwanja, wapewe hati. Karani akaja na daftari, kijana wa bara aitwaye Justus.

"Shikamoo mama. Umeishi hapa tangu lini?"

"Marahaba. Tumekuja juzi tu, bwana. Tunapita."

Kalamu ikaandika. Jirani yake Mapenzi, aliyekuwa akingoja zamu, akajishika kichwa.

"Kafedha wee! Umejibomolea mwenyewe! Hata Clifford hakupata kazi rahisi hivi!"

Kafedha akaziba mdomo kwa kiganja, lakini jibu lilikwisha toka. "Futa, mwanangu," akasihi. "Ni ulimi tu huo, umezoea."

"Siwezi kufuta bila ushahidi, mama. Una karatasi yoyote?"

"Clifford hakutuachia hata ya kufungia njugu." Akamshika mkono, akampeleka kwenye mnazi. "Hapa pana kitovu cha mwanangu."

"Daftari halina mahali pa kitovu, mama."

"Basi hesabu makovu. Kila mwezi mnazi huangusha kuti moja, huacha kovu moja. Kumi na mawili, mwaka. Makuti yake nimeyasuka mimi, nisijue?"

Justus, mwenye shahada ya mambo ya ardhi, akainama shinani akaanza moja. Shingo ikapanda, kofia ikaanguka, Mapenzi akimwonyeshea kwa upondo wa kuangulia madafu asije akaruka kovu. Alipofika mia moja na arubaini na nne akasimama. Hata nusu ya mti hajafika.

"Miaka kumi na miwili hiyo!" Mapenzi akapiga vigelegele. "Endelea baba, ufike kwenye madafu!"

Justus akafungua daftari upya, akacheka. Nyumba ishirini na tisa alizoandika tangu asubuhi, zote zilikuwa zimefika juzi. Alikuwa akijiuliza zililetwa na meli gani.

"Nitazirudia zote," akasema. "Tuanze na wewe. Umeishi hapa tangu lini?"

Kafedha akatazama barabarani kwanza, asije Clifford akatokea.

"Miaka thelathini na minne," akanong'ona. Kisha akarudia, kwa sauti ya kumfikia mwenye shamba huko huko Ulaya, au kaburini. "Na uandike kwamba hatupiti!"