Mikono ya Baba Ramazani

Siku yangu ya kwanza katika garaji ya kampuni moja ya pamba hapa Kasongo, enzi za Wabelgiji, sikupewa hata spana. Kapita, yaani msimamizi wetu, alinikalisha kwenye lori akaniamuru nitikise usukani, yeye akalala chini ya gari.

"Polepole! Iko ngoma hiyo?"

Vijana, ndivyo tulivyofundishwa. Magurudumu yanyooshwe kwanza, kisha uzungushe kidogo kidogo. Ule umbali usukani unaosogea kabla magurudumu hayajajibu, tuliuita "je", neno la Kifaransa. Mmoja anatikisa, mwingine anapapasa kila kiungo, kuanzia mti wa usukani na boksi lake hadi ncha za fito za chini. Kinachochezacheza mkononi ndicho kilichokwisha.

Nilipokuwa fundi kamili, niliingiziwa lori, kamio kwa lugha yetu, la Baba Ramazani, dereva wa njia ya Kabambare, mcheshi niliyempenda mno. Je yake ilikaribia robo ya mzunguko! Nilibadilisha bushi ya chini ya mti wa usukani, nikakaza skrubu ya boksi taratibu, maana ukizidisha, usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Nililijaribu, likaenda vizuri kabisa. Baba Ramazani akalichukua, na kona ya kwanza tu akalitia mtaroni.

Mkuu wa garaji, Mbelgiji asiyejua kunong'ona, alipayuka mbele ya wote.

"Ramazani iko muzee! Akitumbukiza tena, kamio napatia mutu mwingine."

Tulikagua upya kila kiungo, hatukuona kasoro. Baba Ramazani akanivuta pembeni.

"Mwanangu, kamio ilikuwa inanisikia. Sasa haitaki tena."

Iliniuma sana. Kesho yake niliomba ruhusa nikasafiri naye, na badala ya kutazama njia nikatazama mikono yake. Haikutulia: kushoto, kulia, kushoto. Miaka yote alikuwa akiifukuza je kwa namna hiyo. Zamani vurugu hiyo iliishia kwenye usukani, sasa ilifika mpaka kwenye magurudumu.

"Baba, je haiko tena. Mikono yako ingali inaitafuta."

"Nifanye namna gani?"

"Shika kama unashika mutoto wa kuku."

Alicheka, akajaribu, jasho likamtoka. Tulikwenda mwendo wa kobe hadi tukavuka daraja la magogo bila kuyumba. Akasimamisha gari.

"Shuka."

"Hapa, Baba? Katika pori?"

"Kesho hautakuwa pembeni yangu. Nataka kujua kama naweza miye mwenyewe."

Sasa nimestaafu, na watu huniuliza ni kazi gani ninayojivunia. Nyingi nimezisahau. Ila bado naliona lile lori likipanda kilima, limenyooka katikati ya barabara, mpaka vumbi likalificha. Nami nikarudi Kasongo kwa miguu, mwendo wa kutwa nzima, nikicheka peke yangu.