Vigimbi vya Newala

Daktari aliniuliza kama nilikuwa mkimbiaji. Aliuliza kwa Kichina, kule Guangzhou nilikokuwa nakwenda kununua viatu vya kuuza Masasi, na mkalimani wangu, mama mmoja wa Tanga aliyehamia huko zamani, akanigeuzia swali huku akitabasamu. Nikamwambia amjibu kwamba mimi ni muuza viatu. Daktari akaminya kigimbi cha kulia, kisha cha kushoto, kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua papai, akaandika kitu.

Alivyoeleza, kazi yenyewe ya kupunguza vigimbi ilikuwa ndogo. Nyuma ya goti kuna mshipa wa fahamu unaoiamrisha ile nyama ya kigimbi. Wanatoboa kidogo, wanaukata, basi. Nyama isiyopata amri haifanyi kazi, na nyama isiyofanya kazi hunyauka. Baada ya miezi kadhaa mguu unakuwa mwembamba, akanionesha na picha. Nikauliza kuhusu kutembea. Kutembea nitatembea, alisema. Kwenye ngazi na mlimani ndiko nitakakosa nguvu, pengine kwa muda tu, pengine zaidi, na hakutaka kunidanganya kwamba kilichokatwa kinaweza kurudishwa. Akataka kujua kama ninapoishi kuna milima. Nikasema Masasi milima ipo ya kuangalia tu, mjini ni tambarare. Tukakubaliana anifanyie safari yangu itakayofuata.

Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini. Mtu angeweza kusema nilichelewa.

Wanaume wa mjini wanasifu mguu wa bia, ule unaoshuka laini kama chupa. Wangu haujawahi kuwa wa bia. Una fundo gumu juu, linalocheza nikipiga hatua, halafu chini unakatika ghafla kuwa mwembamba. Baba wa watoto wangu, enzi tulipokuwa bado tunataniana, alisema ameoa beki wa kushoto.

Miguu hii ilitengenezwa Newala. Kule juu hakuna mto. Maji yako bondeni, na bonde liko chini kweli kweli, ukisimama ukingoni unaona Ruvuma imelala mbali kama uzi. Nilipokuwa mtoto tulishuka kila asubuhi kabla ya shule, njia ya mchanga na mawe, tukajaza ndoo, tukaweka majani juu ya maji yasimwagike, tukapanda. Kushuka ilikuwa hadithi na vicheko. Kupanda hakuna aliyesema kitu. Ulisikia pumzi tu, na ukimwangalia aliyekutangulia uliona vigimbi vyake vikipanda na kushuka mbele ya macho yako. Kwa hiyo nilidhani watu wote wameumbwa hivyo.

Nilijua sivyo nilipokwenda sekondari Masasi. Wenzangu wa mjini, na wale waliotoka Lulindi, walikuwa na visima karibu. Asubuhi tukipanga mstari walitutambua sisi wa kutoka juu kwa nyuma, bila kuona sura. Walisema tumemeza mawe yakashukia miguuni. Ilikuwa ni utani, na sisi tulikuwa na wa kwetu wa kuwarudishia, lakini wao baada ya utani walisahau.

Ilikuwa ndiyo miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalianza kujaa, na mitumba ikaingia. Siku moja pale sokoni Masasi walifungua robota, humo ndani mkawa na buti ndefu za kahawia, za zipu, za kufika chini ya goti. Hakuna aliyejua mtu wa Masasi atavaa buti ile wapi, kwa joto lile, lakini kila msichana alitaka kuijaribu. Ikazunguka mguu kwa mguu. Ilipofika kwangu zipu ilipanda nusu ya njia, ikakataa. Muuzaji alipiga goti, akavuta kwa mikono miwili, kisha akaacha, akanitazama kwa huruma.

"Dada yangu, vua taratibu," alisema. "Kiatu hiki kina wateja."

Nilianza kuvaa sketi ndefu mwaka huo.

Nimezunguka sana tangu hapo. Tunduru, Songea, Lindi, ng'ambo ya Ruvuma, Dar es Salaam, mpaka hiyo China. Sijakaa mahali mpaka mpapai nilioupanda uzae. Na popote nilipokaa nilikuwa naikumbuka Newala, harufu ya salfa inapopulizwa kwenye mikorosho, ukungu wa asubuhi, sauti ya ndoo tupu. Nikienda nakaa siku tatu nachoka, naondoka. Sijui nilichokuwa nakitafuta. Nadhani nilitaka mahali ambapo hakuna anayenijua, nikae huko niikumbuke Newala kwa raha zangu, bila yenyewe kunitangulia. Lakini ilinitangulia. Songea, mwenye nyumba ya wageni aliniona napanda ngazi siku ya kwanza tu, nimeinua sketi kidogo nisiikanyage, akasema, "Wewe ni wa Newala, siyo?" Ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Basi nilipomsikia daktari yule akisema nyama itanyauka, sikufikiria uzuri. Nilifikiria kupumzika.

Kwetu mtu haendi kukatwa mwili bila kuaga. Nikampigia mama simu kumwambia kwamba safari hii nitafanyiwa upasuaji wa miguu. Akasema nisiende kokote kabla hajaniona.

Nilipofika Newala nilikuta mikeka imetandikwa uani na wanawake wamejaa. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa pale na sinia la ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti peke yake, upande, amevaa koti. Ukoo wetu unafuata upande wa mama, na mambo mazito ya mtoto wa dada ni ya mjomba. Nikapiga goti nikasema shikamoo, wakaitikia marahaba wote pamoja, kwa sauti ile ya kwenye nyumba ya mgonjwa. Ndipo nilipoelewa. Huku kwetu mguu unaopelekwa kwa daktari wa kupasua ni mguu wenye matende. Kila ukoo unaye mtu mwenye mguu uliovimba hivyo. Walikuwa wamekuja kunipa pole.

"Pole, mwanangu," alisema mama mkubwa. "Na sisi miaka yote tulikuwa tunajiuliza, hizo sketi."

Mama alinisogelea. Alipiga magoti mbele yangu, akapandisha sketi yangu palepale mbele za watu, akaweka kidole gumba kwenye mguu akabonyeza kwa nguvu, akakitoa, akatazama kama pamebaki shimo. Akabonyeza pengine.

"Haubonyei," alisema.

"Bonyeza juu huko," alisema mjomba.

Akabonyeza juu, kwenye kigimbi chenyewe. Kidole kikateleza.

"Mpwa," mjomba aliniambia, "ugonjwa uko wapi?"

Ikabidi nieleze. Nilieleza vibaya. Niliyokuwa nimeyapanga vizuri kichwani ndani ya basi, kwa Kiswahili cha shule, yalitoka vipande vipande mbele ya wanawake wale, ambao wote walikuwa wameketi wamenyoosha miguu, na miguu yote ilikuwa kama yangu. Sikuwa nimeliona hilo kabla sijaanza kusema. Nilipomaliza, jirani mmoja akaikunja miguu yake akaifunika kwa khanga.

"Kwa hiyo huumwi," alisema mjomba.

"Siumwi, mjomba."

"Na mshipa watakaoukata ni mzima."

"Ni mzima."

Alifikiri. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na sidhani kama alikuwa anatafuta la busara. Alikuwa anatafuta mahali jambo lile litakapomwangukia yeye.

"Mimi ndiye ninayesimama makaburini kuwaambia watu marehemu alisumbuliwa na nini," alisema. "Sasa ukifia huko, nisimame niseme nini? Niseme vigimbi?"

"Sema ameuawa na uzuri," alisema mama mkubwa.

Wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakalala kwenye mikeka, wakifuta machozi kwa pindo za khanga, na mimi nikacheka nao, maana kwa kweli ilichekesha, na kicheko kile kilikuwa ni nafuu baada ya zile pole. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti. Aliishusha sketi yangu, akalinyoosha pindo lake taratibu mpaka likafunika vidole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Waliila ile ming'oko, wakaondoka. Mjomba wakati wa kuaga alisema hawezi kumkataza mtu mzima mwenye watoto, ila hatatia baraka yake kwenye jambo asiloweza kulitaja mbele za watu. Nikasema nimesikia.

Jioni tulikaa mlangoni, mimi na mama, tunachambua mbaazi kwenye ungo mmoja. Alikuwa anatupa vijiwe nje, kimoja kimoja.

"Mimi ndiye niliyekutuma maji," alisema.

Nikasema watoto wote walitumwa maji.

"Kaka zako sikuwatuma. Nilikutuma wewe, kwa kuwa ulikuwa hulalamiki." Aliutikisa ungo. "Kama ndiyo yaliyokuharibu, nisamehe."

Alisema hivyo akizitazama mbaazi, bila kulia, kama anavyoomba radhi mtu aliyekukanyaga kwenye foleni. Nilimwambia hakuniharibu. Aliitikia haya, akaendelea kuchambua, na nikajua hakuniamini. Kwa nini aniamini? Siku nitakayorudi na miguu myembamba nitakuwa nimelijibu ombi lake. Nitakuwa nimesema ndiyo mama, uliniharibu, lakini nimeshatengenezwa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba miguu hii ina mtu mwingine ndani yake. Nilichoka papo hapo, uchovu wa kutaka kulala nikiwa nimekaa.

Asubuhi nilipoamka hakuwepo. Pampu inayopandisha maji kutoka bondeni ilikuwa imeharibika tena, na kisima cha uani kinachokinga maji ya mvua kutoka kwenye bati kilikuwa kimekauka kama kawaida ya miezi ile. Ndoo ndogo haikuwepo. Nikachukua ile kubwa nikamfuata, nikamkuta ukingoni, ameshaanza kushuka, ameifunga khanga juu ili isimkwaze.

"Rudi nyumbani," alisema. "Usije ukaviongeza."

Hakuwa anatania. Nikashuka nyuma yake.

Njia ilikuwa ileile, imezidi kuchimbika. Tukajaza, tukachuma majani tukaweka juu ya maji, tukaanza kupanda, yeye mbele. Ndipo nilipoiona miguu yake. Nilipokuwa mdogo nilipanda njia ile miaka mingi nikivitazama vigimbi vya mama, vikubwa kuliko hivi vyangu, vigumu, vyeusi vya kung'aa kwa jasho. Nilikuwa nikivifuata kama mtu anavyofuata taa. Sasa havikuwepo. Nyuma ya mguu palikuwa na ngozi tu, imelegea, inatikisika kama mfuko uliomwagwa unga. Miguu yake ilikuwa myembamba kutoka gotini mpaka chini, umbo lilelile nililooneshwa kwenye picha za yule daktari.

Kila kona alisimama. Aliweka kiganja juu ya goti akalisukuma chini, ndipo mguu mwingine ukapanda. Kona ya tatu alitua ndoo.

"Haisikii siku hizi," alisema. "Naiambia panda, yenyewe imekaa."

Nikaichukua ndoo yake mkononi, yangu iko kichwani, yeye akanishika kiwiko. Tukapanda hivyo. Uzito wake wote ulikuwa kwenye mkono wangu, na uzito wa mkono ulishuka mpaka kule chini, kwenye mafundo yale, yakakaza, yakasukuma. Sikusikia fahari yoyote. Mgongo uliniuma, maji yalinimwagikia shingoni, mara mbili nilitamani kuitupa ile ndoo bondeni niisikie inavyopasuka. Lakini tulifika. Wanawake wawili tuliowakuta juu walitusalimia, wakaitazama miguu yangu, mmoja akaanza kutabasamu, akamwona mama, akaacha.

Nilirudi Masasi baada ya siku chache. Nikampigia yule mkalimani, nikamwambia anifutie ile nafasi kwa daktari. Akaniuliza kama nimeogopa. Nikasema hapana, nimechoka. Akasema uchovu si sababu ya kuacha, wengi huja kwake wakiwa wamechoka. Nikamwambia basi aandike anavyotaka.

Guangzhou nilikwenda, nikanunua viatu, nikarudi. Buti sinunui. Sketi bado navaa ndefu, na mtu akiniuliza kama mimi ni wa Newala namjibu ndiyo, kisha nabadilisha mazungumzo. Sijaipenda miguu hii. Sikuahidi kuipenda.

Mama nampigia simu kila Ijumaa. Nasema shikamoo, anaitikia marahaba, anauliza watoto, anauliza biashara. Mwisho anapunguza sauti, kama mtu anayeulizia mgonjwa aliyelazwa, anauliza na miguu.

Namjibu ipo, mama. Ipo.