Hodi kwenye Skrini

Kazi yangu ni kutazama vidole vya watu. Kwenye kadi yangu ya ofisi pameandikwa maneno marefu zaidi, lakini ukija kazini utanikuta nimekaa pembeni na kikombe cha chai, najifanya nasoma simu, kumbe namchungulia mtu anavyogusa skrini. Watoto hupiga kioo kwa kiganja kizima. Vijana hutelezesha kidole bila hata kutazama. Wapo wanaume wa makamo wanaogusa kwa ufunguo wa gari, na hao huniudhi kupita kiasi, maana kioo ni ghali. Hata hivyo sichoki. Kila mtu ana namna yake ya kuiomba mashine kitu.

Ofisi yetu, iliyopo Ruwi hapa Maskati, ilipata kazi ya kutengeneza maonyesho ya maisha ya nyumbani katika ukumbi mmoja kule Qurum. Nikaomba skrini moja iwe ya nyumba ya Unguja, kwa sababu nusu ya watu ninaowajua Maskati wana nyumba ya Unguja mdomoni. Mkuu wangu akakubali shingo upande. Nyumba niliyoichagua niliijua kwa kuisikia tu: ile ya mtaa wa Malindi, hukohuko Unguja, alikozaliwa mama yangu. Aliitoka akiwa msichana, na siku hizi haipo, imevunjwa na pamejengwa duka. Mama mwenyewe magoti yamemkataa na safari hana tena. Nilipomwambia ninachokifanya, alinishika mkono.

"Yaani ntaingia ndani?"

"Utaingia, mama. Utagusa mlango, utafunguka."

"Basi nifanyie upesi, mwanangu. Nnataka kuingia kwetu kabla sijafumba macho."

Tangu hapo haikuwa kazi ya ofisi tena. Nilikuwa namjengea mama nyumba.

Tuliijengea jikoni kwake. Alinichorea vyumba kwa kidole juu ya unga uliotandazwa kwenye sinia, kabla hajaukanda wa chapati: ukumbi hapa, kisima kushoto, ngazi huku, na ngazi moja inalia ukiikanyaga. Nikaenda kuitafutia ile ngazi mlio wake. Nikarekodi mbuzi ikikuna nazi na ndoo ikigonga ukuta wa kisima, ili kila utakachokigusa kikujibu. Mkuu alitaka mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba, kama ile ya kwenye kadi za posta. Nilipomfikishia mama habari hiyo, alikasirika.

"Sisi hatukuwa na mlango huo! Wetu wa mbao tu, kijani, umebanduka rangi hapa chini kwa mateke ya kaka zangu."

Ukabaki wa mbao, kijani, na mateke yake.

Siku za majaribio tukaalika familia kadhaa. Vijana waliugusa mlango, wakaingia mbio, wakakuna nazi, wakachota maji, wakatoka. Lakini wazee, ambao ndio hasa niliowatengenezea nyumba ile, hawakuingia. Walisimama mbele ya mlango, wakatabasamu, midomo ikawacheza kidogo, wakangoja, kisha wakaenda zao. Mkuu naye aliwaona. Akaniambia kwa Kiarabu kwamba wazee hawaiwezi teknolojia, na mambo yakiendelea hivi mpaka mwisho wa wiki, nyumba itaondolewa na mahali pake patawekwa filamu ya kutazama tu. Nilipandwa na hasira, nikaimeza. Wazee hao hao usiku na mchana wanatumiana sauti ndefu kwa simu. Sasa kioo kimoja kiwashinde? Nilitaka sana kujua kuna nini.

Kesho yake nikachukua kitambaa, nikajifanya nasafisha ukingo wa skrini. Akaja bibi mmoja na binti yake. Akajitengeneza mtandio, akasogea, akainamisha kichwa kuelekea mlangoni.

"Hodi," akasema kwa sauti ya chini.

Akangoja.

"Hodi."

Akangoja tena.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Akamgeukia binti yake. "Hawapo," akasema, nusu kwa mzaha, wakaondoka.

Nilicheka peke yangu hata mlinzi akanitazama. Ndiyo maana midomo ilikuwa ikiwacheza! Hodi tatu, ukikosa jibu unageuka. Hata mimi, niliyezaliwa hukuhuku, siwezi kusukuma mlango wa watu. Mashine haikuwashinda wazee hata kidogo. Waliifanyia adabu, nayo haikujua kuwajibu.

Mwenzangu anayeandika programu, Mhindi wa Kerala, aliniuliza hodi ni kitu gani, nikamweleza. Akauliza kama mlango uendelee kufunguka pia kwa kuguswa. Nikakataa. Anayetaka kuingia apige hodi, na watoto nao wajifunze adabu. Nilijiona mwerevu sana siku hiyo. Tukaifundisha mashine hodi za kila aina: ya kuvuta, ya haraka, ya mwenye mafua.

Ikabaki sauti ya kujibu. Nikamwekea mama maikrofoni mezani, akaitazama.

"Nimkaribishe nani? Simuoni mtu."

Nikamwomba ajifanye, akajaribu, lakini kila karibu aliyoitoa ilikuwa baridi, ya mwenye duka anayetaka kufunga. Mwishowe nikaiacha maikrofoni jikoni ikirekodi, nikatoka nje, nikabadili sauti na kupiga hodi. Bila kufikiri mama akaitikia kwa furaha: "Karibu! Karibu ndani, pita!" Hiyo ndiyo niliyoichukua.

Wazee wakaanza kuingia. Yule bibi alirudi, akajibiwa, akavua viatu mbele ya skrini. Mkuu alimtazama mpaka mwisho, kisha akaniambia nyumba inabaki. Nilifurahi mno, na siku ya pili, baada ya Alasiri, nikamleta mama.

Alikwenda polepole, ameniegemea. Aliuona mlango wa kijani. Aliinama akapapasa pale palipobanduka rangi, kisha akaweka kiganja katikati ya mbao na kusukuma. Mlango haukufunguka. Akasukuma tena.

"Piga hodi, mama," nikamwambia.

Akanigeukia. "Nipige hodi kwetu?"

Nani anapiga hodi kwao? Niliwafikiria wageni wote wa nyumba ile, nikamsahau mwenyewe. Aibu ilinishika. Nikatoa simu nimpigie mwenzangu aufungue kwa kompyuta, lakini mama akanizuia. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya kioo, na nyuma yetu watu walikuwa wakingoja zamu. Akauondoa mkono. Akarudi nyuma kidogo, mpaka pale wanaposimama wageni.

"Hodi," akasema.

Sauti yake mwenyewe ikamjibu kutoka ndani, changamfu, haina habari ni nani aliye nje. "Karibu! Karibu ndani, pita!"

Mlango ukafunguka.

"Ahsanta," akasema mama, machozi yakimtoka, akabaki amesimama palepale.