Maji Yafike Ndipo Saa Ihesabiwe

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Sanya Juu, nilipewa koleo, buti zilizonibana vidole na ufunguo wa lango moja la maji. Mhandisi hakuniuliza hata nimelalaje. Alinionyesha banio, yaani pale mto unapokingwa ili maji yaingie mferejini, akasema, "Kijana, hapa utatukanwa. Siku ikipita hujatukanwa, ujue kuna mtu umempendelea." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ninyi mnaosomea maji vyuoni mna vipimo vya kila aina. Sisi tulikuwa na saa ya mkononi na daftari. Mfongo, ndivyo Wachagga tunavyouita mfereji waliouchimba babu zetu kukatiza miteremko, unagawiwa kwa zamu. Kila shamba lina tundu lake ubavuni mwa mfongo. Zamu yako ikifika unazibua, ikiisha unaziba kwa udongo na majani ya mgomba. Kazi yangu ilikuwa kufungua malango makubwa na kuhakikisha hakuna anayezibua nje ya zamu. Nilifanya hivyo Sanya Juu, nikahamishiwa Mwika chini ya afisa mmoja wa mgao wa maji aliyekuwa akinusa tope la viatu vyetu kujua tumefika wapi, mwishowe nikapelekwa Kirua Vunjo, nyumbani kwetu. Huko ndiko nilikoharibu.

Mwaka huo vuli iligoma kabisa, mto ukabaki wa kuruka kwa hatua moja. Mhandisi wa Wilaya akaniita ofisini.

"Kijiji cha juu kipewe saa sita, tangu alfajiri mpaka adhuhuri, cha chini saa sita, tangu adhuhuri mpaka jioni. Nani atalalamika?"

Nami nikaona ni haki tupu. Miaka yote tuligawa kwa saa na watu hawakugombana. Nikaandika daftarini kwa mwandiko mzuri, nikajisifu moyoni, mjinga mimi.

Wiki ya tatu akaja Mama Aikande, mjane wa kijiji cha chini aliyeishi kwa maziwa ya ng'ombe wake wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Daftari lako linasema jana nilipata maji?"

"Ulipata, mama. Saa sita nzima."

"Basi liambie lije limfukie ng'ombe wangu. Amelala pale tangu alfajiri."

Nikaanza kujitetea. Akanikatiza, "Hebu acha maneno. Fungua hayo maji yangu, tutembee nayo."

Saa sita mchana watu wa juu wakaziba matundu yao, nikafungua, tukaanza kushuka sambamba na maji. Jamani! Yalikuwa yanatambaa. Mfongo huku chini ulikuwa umekauka tangu jana yake, kila ufa unakunywa, kila shimo la fuko linameza. Tulikuwa tunatembea kidogo, tunasimama kuyasubiri, kama watu wanaomsindikiza mgonjwa. Saa kumi na moja na nusu yakafika kwake, kina cha kidole, tope tupu. Nusu saa baadaye, kwa ratiba yangu mwenyewe, zamu yake iliisha.

Mwaka wa mvua mfongo haukauki, maji hufika upesi. Mwaka wa ukame ardhi hunywa kwanza, na mimi nilikuwa nimemhesabia yule mama maji yaliyonywewa na ardhi. Saa zilikuwa sawa, maji hayakuwa sawa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake nikamwambia Mhandisi tugawe kwa siku: siku tatu mfululizo chini, siku tatu juu, ili mfongo ulowe mara moja tu, na zamu ya chini ianze kuhesabiwa maji yakifika shamba la mwisho.

"Utaniletea vita," akasema.

"Vita ipo, Mheshimiwa. Ila wa chini ni mbali kwao kuja kukupigia kelele."

Akatia saini. "Ukitukanwa usinitaje."

Aliyenitukana alikuwa kaka yangu mkubwa, Elinami. Shamba lake lipo juu. Alikuwa ameng'oa kahawa yote kuukuu na ana kitalu cha miche, ndiyo matumaini yake yote ya uzeeni. Siku ya pili ya zamu ya chini nilimkuta langoni, ameegemea fimbo kwa sababu ya mguu wake mbovu.

"Mdogo wangu, fungua upana wa kiganja tu. Nani ataona?"

"Siwezi, kaka."

"Mfongo huu kachimba babu yetu, siyo babu yake yule mama."

"Najua."

"Na mguu huu unauona. Ndoo nitabebea nini?"

Sikufungua. Kwa hilo sijuti hata leo. Ng'ombe aliyebaki wa Mama Aikande alipona, na kijiji kizima cha chini kikapata maji. Lakini jioni ile, kazi imekwisha, ningeweza kumbebea kaka ndoo mbili tatu kutoka mtoni. Mto haukuwa mbali. Sikubeba, niliogopa watu waseme nampendelea. Miche ikakauka yote.

Nimestaafu. Kwenye kuniaga walinisifu kwa haki mpaka nikatamani wanyamaze. Kiangazi kikianza situlii, chai naiacha mezani, natembea mfongo juu mpaka chini bila mtu kunituma. Mke wangu ananiuliza natafuta nini huko.

Mwaka jana tulimzika mama yetu mzazi. Kaka Elinami akasimama kututambulisha kwa mchungaji, mmoja mmoja, huyu mdogo wangu fulani, huyu dada yetu fulani. Alipofika kwangu akasema, "Na huyu ametoka ofisi ya maji."