Ukurasa Usioombwa

Kituo cha walimu mjini Gisenyi kilikuwa na kompyuta moja, nami niliajiriwa kuitengenezea programu ya masomo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Dar es Salaam, na wasiwasi nilitoka nao huko huko. Mwalimu alipaswa kuchagua somo, alisome, akafundishe. Mimi nikaongeza langu: kompyuta ikiwashwa, kwanza inafungua ukurasa wowote, bila mpangilio, ili mwalimu akutane na jambo ambalo hakulitafuta.

Mkurugenzi alitaka kuona faida ya ukurasa huo kufikia Ijumaa. La sivyo, ufutwe.

Jumatatu alikuja mwalimu mmoja kutoka Rugerero, anatafuta hesabu za sehemu. Kompyuta ikampa ukurasa wa nyuki. Akanakili yote, akaenda zake. Nilifurahi, kisha nikajiuliza kama nilikuwa na haki ya kufurahi. Jumatano nikasikia darasa lake lote limefundishwa nyuki badala ya hesabu. Nikamfuata kumwuliza sababu.

"Si ilitoka kwa mashini?" alisema. "Wakubwa wakikutuma, we utakataa?"

Kwetu kilichoandikwa kwa mashine hutoka juu. Hakisomwi kwa udadisi, hutekelezwa. Rangi ya herufi nilikuwa nimeiwaza hadi nikakosa usingizi. Hilo sikuliwaza kabisa.

Mkurugenzi alipopata habari, alifurahi kuliko mimi.

"Bon, iko muzuri! Sasa weka ukurasa moja kwa walimu wote, kila siku."

Yaani bahati ya lazima. Nilimjibu kwamba nitafikiria, jambo ambalo sikuhitaji kuliahidi.

Ijumaa mwalimu yule akarudi amenuna.

"We kijana, watoto wananiuliza nyuki za kule mlimani Bugeshi zinafanya nini na ile baridi. Mashini yako haikusema."

"Tafuta mwenyewe, mama. Hakuna aliyekutuma."

Alinitazama kama mtu anayetegwa. Kisha akaanza kufungua kurasa, moja baada ya nyingine, akielekea kwenye wadudu. Njiani akakuta ukurasa wa chumvi. Akavuta kiti. Mimi nikajifanya nafuta vumbi kwenye printa, ambayo haikuwa na vumbi.

Mkurugenzi akaingia.

"Mama, nyuki iko wapi?"

"Ngoja kwanza, directeur. Mi niko kwa chumvi."

Akasimama nyuma yake, akainama, akasoma naye. Alipotaka kugeuza ukurasa, mwalimu akamzuia mkono.

"Ile kitu yako iache vile iko, usiguse kwanza," mkurugenzi aliniambia bila kugeuka.

Nikabaki nikijiuliza hiyo "kwanza" itachukua muda gani.