Mashine Bubu ya Machage

Kama hujawahi kumsikia Machage akipigisha kopo, pole sana, umechelewa kuzaliwa. Miaka ishirini na miwili alisimamia mashine ya kusaga ya dizeli pale Nyamwaga, na juu ya bomba la moshi aliweka kopo la rangi, lile la lita nne, akalitoboa kwa msumari mahali anapopajua yeye peke yake. Mashine ikiwaka, kopo linaanza: ko-ko-ko-ko-kooo! Sauti inavuka migomba, inashuka bondeni, inapanda kilima cha pili, mpaka wanawake walioinama shambani wananyoosha mgongo na kusema, "Machage kaamka." Tarime hii wenye mashine ni wengi, na makopo wanayo. Lakini kopo bila Machage ni kopo tu.

Sasa mwaka jana dizeli ilipanda bei mpaka mwenye mashine, mfanyabiashara wa Sirari, akafunga mlango na kuiuza injini kama chuma chakavu. Wakati huohuo kijiji kikapata mradi wa mashine inayokwenda kwa umeme wa jua. Hapo ndipo Machage aliposimama kwenye mkutano wa kijiji. Ni mtu wa miaka hamsini na minne, shule aliishia darasa la tano, kwa sababu, anasema mwenyewe, la sita lilikuwa linarudia yaleyale.

"Jua mnaloleta ni zuri," alisema. "Silipingi, nani anapigana na jua? Lakini limekula kazi yangu, basi na linilishe. Mnataka kuleta mtu wa mjini abonyeze kitufe, mimi nikae nyumbani nichunge kuku wa mke wangu Boke? Hakuna mtu hapa ambaye hajashiba kwa mkono wangu. Hata wewe mwenyekiti, hilo tumbo nimelisaga mimi!"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akashika tumbo lake, halafu mikono ikanyooshwa. Ikaandikwa kwenye muhtasari: aliyepoteza kazi kwa sababu ya mashine mpya ndiye wa kwanza kufundishwa. Fundi wa mradi, Modestus, mtu mpole wa kutoka Bukoba, alikubali, ila akaweka sharti. Mwezi mmoja wa majaribio. Wateja wasipofika ishirini kwa siku, paneli na mota vitapelekwa kijiji kingine kinachosubiri.

Kujifunza hakukumsumbua Machage. Siku ya tatu alikuwa anamsahihisha mwalimu wake. Kilichomsumbua ni kingine. Aliwasha, mkanda ukazunguka, unga ukatoka mweupe safi, na mashine ikavuma kama nyuki mzingani. Ukivuka barabara, husikii kitu.

Wiki ya kwanza walikuja wateja wanne. Wawili walikuwa wamepotea njia.

Bibi Agustina, jirani yake, alipita mbele ya mlango na debe la mahindi kichwani.

"Shikamoo, bibi. Mbona unapita?"

"Marahaba. Naenda ng'ambo ya mto, kwenye mashine inayofanya kazi."

"Hii inafanya kazi!"

"Mbona haisemi?"

"Bibi, hapa bei ni nusu ya kule!"

"Hata iwe bure, mura. Kitu bubu kinasaga nini?" Akaenda zake, shingo haigeuki.

Nyumbani nako Boke, mke wake, hakumwonea huruma. "Miaka yote hiyo nakuomba unyamaze, Baba Steven. Umenyamaza mara moja tu, na kazi inaondoka."

Machage alijaribu kulipiga lile kopo kwa fimbo. Watu wakadhani ni watoto wanacheza. Zikabaki siku tisa. Jioni hiyo alikuwa anafunga ng'ombe zizini, dume lake kubwa likatikisa shingo, kengele ikalia. Machage akaliangalia dume. Dume likamwangalia. Anaapa mpaka leo kwamba wazo lilikuwa lake, siyo la dume.

Kesho yake alifika na kengele tano. Mashine ile ina bati la kumiminia nafaka, na mota ikizunguka bati hilo linatikisika. Akazifunga zote pale kwa waya. Saa nne, jua limekaa vizuri, akamimina mahindi yake mwenyewe na kuwasha.

Mungu wangu! Sasa wewe msomaji wa mbali huenda hujui. Nyamwaga kengele ikilia taratibu, ng'ombe wanakula majani. Zikilia tano kwa mpigo, kama zimepandwa na wazimu, ng'ombe wameingia kwenye mahindi ya mtu, au kuna mwizi anawakimbiza. Yowe likapigwa kilima cha kwanza, likapokelewa cha pili. Watu wakamwagika na fimbo na mapanga, mmoja na upinde. Aliyetangulia ni Bibi Agustina, yule mwenye magoti yanayouma kila siku ya mkutano.

Wakafika mlangoni wakihema. Ndani alisimama Machage, mweupe kwa unga mpaka kope.

"Ng'ombe wako wapi?" Agustina alifoka.

"Si hawa hapa? Wanakula mahindi, wanatoa unga. Karibuni."

Fimbo zikashuka. Halafu mwenye upinde akaanza kucheka, ikawa basi tena. Agustina hakucheka. Aliingia, akachota unga kiganjani, akaunusa mara mbili.

"Haunuki dizeli," alisema.

"Dizeli itoke wapi?"

"Na ile bei uliyosema?"

"Ni ileile."

"Usizime." Akarudi kwake, magoti hayaumi, akaja na madebe mawili. Mpaka saa kumi foleni ilikuwa imezunguka mgomba wa pembeni.

Siku ya mwisho ya majaribio Modestus alikuja na daftari lake. Alihesabu wateja ishirini na saba, akazitazama kengele kwa muda mrefu.

"Mzee Machage, hizi hazipo kwenye mwongozo."

"Basi ongeza ukurasa. Na kile kijiji kingine kikipata mashine yake, waambie waje kwangu nitawachagulia kengele. Siyo kila kengele inajua kazi."

Modestus aliandika mstari mmoja: mashine inabaki Nyamwaga, msimamizi ni Machage. Kabla hajaweka sahihi, wingu likapita juu ya paneli. Kengele zikazubaa, zikawa kama za ng'ombe mzee anayerudi nyumbani.

"Machage, kanyaga!" Agustina akapaza sauti kutoka kwenye foleni. "Unalala?"

"Zungumza na Mungu, bibi," Machage akajibu, huku akipangusa bati. "Mimi hapa ni dereva tu."

Wingu likasogea. Kengele zikashika kasi, na ng'ambo ya bonde watu wawili, hawajazoea bado, wakatoka mbio na fimbo.