Niliimba Kwenye Dakika Moja ya Kimya

Admin, jina langu lifunike kabisa, maana Lodwar ni ndogo na shemeji yangu yuko humu anasoma kila kitu. Mimi ni mama wa miaka 37, watoto watatu, nasuka vikapu na kuviuza hapa mjini. Mume wangu alikuwa mwanajeshi. Alikufa kazini, akaletwa ndani ya sanduku tulilokatazwa kufungua. Huu ni mwaka wa nne.

Huyo mwanamume alikuwa Mturkana hadi kwenye mifupa. Alikuwa na maksai wake mwekundu, pembe moja imekunjwa mbele, na alikuwa amemtungia wimbo, kama ilivyo desturi ya wanaume wetu. Akipiga simu kutoka kambini anaulizia maksai kwanza, ndiyo aniulizie mimi! Nikinuna anacheka, halafu anaimba humo humo kwenye simu hadi wenzake wanamfokea. Huyo ndiye niliyemzika, mtu wa kelele na vicheko.

Sasa kila mwaka tunaitwa kwenye sherehe ya kuwakumbuka askari waliokufa. Tunakaa chini ya hema, wakubwa wanahutubia kwa Kiingereza, majina yanasomwa, na la mume wangu wanalisoma vibaya kila mwaka. Kisha dakika moja ya kimya. Miaka mitatu nilisimama pale nimeuma meno, nikiona kama namzika mara ya pili. Mwaka huu nilishindwa. Kimya kilipoanza nikainua mikono, nikaikunja kama pembe za yule maksai, jinsi alivyokuwa akifanya mwenyewe, nikaimba wimbo wake wote, si nusu. Wazee wawili nyuma yangu wakaitikia. Nililia huku naimba, na jamani, kwa mara ya kwanza tangu tumzike nilihisi yuko karibu.

Weh! Hata soda hazijagawanywa, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akanijia juu.

"Shemeji, umetuaibisha mbele ya wageni! Wimbo wa maksai ni wa mwanamume. Wewe unauimba kama nani?"

"Kama mtu aliyemnywesha maji huyo maksai ukame wote, wewe ukiwa Nairobi," nikamjibu.

Kamati ya sherehe nayo imeniambia mwakani nisimame mbele ya watu niombe msamaha, la sivyo nisikanyage pale. Shemeji akaongeza lake, eti maksai achinjwe siku hiyo, wageni wamle, aibu iishe. Mama mkwe wangu, ambaye siku hizi ndiye anamchunga huyo maksai kijijini Nakalale, aliposikia alisema anayemtaka aje na kamba yake, atamkuta yeye mwenyewe amekaa mlangoni mwa zizi. Nampenda sana huyo mama.

Wacha niseme wazi. Kamati haipati msamaha wangu. Anayetaka kunyamaza anyamaze, anayetaka kuweka maua aweke, anayetaka kubaki nyumbani abaki. Mume ni wangu, na uchungu ni wangu. Nani aliwapa kazi ya kunipimia kilio kwa saa?

Lakini kuna mama mmoja kutoka Kakuma, mwanawe pia alikufa jeshini. Siku hiyo alikuwa amesimama kando yangu. Watu walipoanza kutawanyika alinishika mkono.

"Mwanangu hakuwa na wimbo," akaniambia polepole. "Nyumba yangu mwaka mzima ni wajukuu na wageni. Ile dakika moja ndiyo huwa namwona. Leo sikumwona."

Angenitukana ningejua la kumjibu. Hakunitukana, aliniachia mkono akaenda zake.

Kwa hiyo hapa siulizi habari ya kamati wala ya shemeji, hao nishamalizana nao. Mwakani nitaenda, wapende wasipende, na nitaimba. Lakini yule mama atakuwa pale, na amebakiwa na dakika moja tu. Nyinyi mliofiwa, niambieni, nitamwimbiaje mume wangu bila kumfukuza mtoto wa mwenzangu?